Hedhi si aibu: madrasa ilitufunza nusu, hii hapa nusu ya pili



Dada, hebu jibu hili moyoni mwako tu, usimwambie mtu. Ramadhani iliyopita, siku zako zilipoingia, ulifanya nini? Ulikula na kunywa maji pale nyumbani kama mtu mwenye ruhusa? Ama uliamka kula daku na wengine, ukashinda na njaa, ukajibanza jikoni kumeza tembe ya maumivu bila maji, halafu magharibi ukachukua tende na kufuturu, ili babako na kakako wasijue?

Wengi wenu nalijua jibu. Kila Ramadhani, kuanzia Likoni hadi Eastleigh, Malindi hadi Garissa, kuna wasichana wanaoshinda na njaa ambayo Mwenyezi Mungu hakuwaamrisha.

Sasa angalia hapo kuna nini. Maulamaa wa madhehebu yote wamekubaliana kwamba funga ya mwanamke aliye katika hedhi haisihi na hafai kuinuia. Atalipa siku zake baadaye. Yaani Mola amempa ruhusa wakati mwili wake unapoteza damu, na sisi watu wa nyumba tumeichukua ile ruhusa tukaifungia kabatini kwa sababu ya macho ya kaka. Halafu tunasema hiyo ndiyo haya. Wallahi, haya ya dini haimnyimi mtu maji ambayo Mola wake amemhalalishia.

Ndiyo maana leo nataka tuiongelee hedhi waziwazi. Nawaongelesha wasichana, na nawaongelesha vijana wa kiume pia. Usipite haraka, kaka, nawe umo humu.

Tuanze na dini, manake hapo ndipo wengi hujificha. Madina ya wakati ule kulikuwa na watu ambao mwanamke akiingia hedhini hawali naye wala hawakai naye nyumba moja. Masahaba wakamuuliza Mtume (s.a.w.), ndipo ikashuka aya ya 222 ya Suratul Baqara. Kilichokatazwa ni tendo la ndoa. Kula pamoja, kukaa pamoja, kulala kitanda kimoja, hayo hayakukatazwa. Mtume (s.a.w.) mwenyewe aliegemea mapajani mwa Bi Aisha (r.a.) akisoma Qur'ani, na Bi Aisha yuko katika hedhi. Wakiwa njiani kwenda Hija, pale Sarif, alimkuta analia kwa sababu damu imemjia safarini. Hakumkemea, hakugeuza uso. Alimuuliza kama ni hedhi, akamweleza kuwa hilo ni jambo ambalo Allah amewaandikia mabinti wa Adam, akamwambia afanye yote wanayofanya mahujaji isipokuwa kutufu Al-Kaaba.

Fikiria hapo. Kiongozi wa umma mzima, safarini na maelfu ya watu, alijua mkewe analia kwa sababu gani. Wangapi kati yetu wanajua dada zao wanalia kwa sababu gani?

Sasa tuje madrasani. Sisi Waislamu wa Kenya wengi ni Mashafi'i, na wengi tulipitia Safina. Kama ulikuwa unasikiliza, unakumbuka: hedhi fupi kabisa ni usiku na mchana mmoja, aghalabu ni siku sita ama saba, na ndefu kabisa ni siku 15. Ikizidi hapo ni istihadha, msichana ataoga, ataswali, na mambo yake yana mpangilio mwingine. Hili ni somo zuri. Limewafanya wasichana wa Kiislamu kuhesabu siku zao na kutazama rangi ya damu yao karne nyingi kabla ya simu kuwa na programu za kuhesabu mzunguko.

Lakini tulifunzwa nusu. Hukumu zile ni za ibada, zinakujulisha lini uswali na lini uache. Hazikupi cheti cha afya. Msichana akimuuliza ustadh kuhusu damu ya siku 12, ustadh atasema bado ni hedhi, usiswali. Amejibu sawa. Shida ni kwamba msichana anasikia "bado ni hedhi" na kuelewa "hakuna tatizo". Mwezi unaofuata siku 12 tena, na unaofuata hivyo hivyo, na anaanza kuona kizunguzungu akisimama kwa rakaa. Hakuna aliyemwambia kwamba daktari ana hesabu yake.

Hesabu ya daktari ni hii. Damu hutoka kati ya siku mbili na saba. Ikizidi siku saba, mwezi baada ya mwezi, inataka kuangaliwa. Kutoka siku ya kwanza ya hedhi moja hadi siku ya kwanza ya inayofuata ni kati ya siku 21 na 35 kwa mwanamke mzima. Msichana aliyeanza juzi anaweza kufika siku 45, na miaka ya mwanzo ikawa inarukaruka, hilo mara nyingi hutulia lenyewe. Asiyeona damu miezi mitatu mfululizo na hana mimba, ama aliyefika miaka 15 na hajaanza kabisa, aende hospitali.

Na hata kutofautisha damu na damu ni jambo tulilolikuta kwenye Sunna. Fatima binti Abi Hubaysh (r.a.) alimwendea Mtume (s.a.w.) akamwambia damu yake haikatiki, je, aache swala? Akajibiwa kuwa huo ni mshipa, si hedhi. Yule mama hakukaa kimya. Aliona kitu hakiko sawa kwenye mwili wake, akaenda kwa mwenye elimu, akauliza. Nawe ukiona hakiko sawa, enda kauliza: ya swala kwa ustadha, ya mwili kwa daktari.

Hedhi yenyewe ni nini? Kila mwezi mji wa mimba hujitandika ndani kwa utando na damu, kungojea mimba. Mimba isipoingia, tandiko hilo hubomoka na kutoka. Si uchafu uliokuwa umejificha mwilini, wala si ugonjwa. Ili litoke, mwili hutengeneza kemikali inayoitwa prostaglandini, ambayo hubana misuli ya mji wa mimba. Kule kubana ndiko yale maumivu ya chini ya kitovu, na wengine hupata kichefuchefu ama kuharisha kwa sababu hiyo hiyo. Dawa kama ibuprofeni inafanya kazi kwa kupunguza kemikali hiyo, kwa hivyo inasaidia zaidi ukiimeza mapema, mara maumivu yanapoanza, tena na chakula. Mwenye vidonda vya tumbo ama pumu aulize kwanza pale kemisti. Sasa rudi kwa yule msichana wa Ramadhani: anameza tembe hiyo kwa tumbo tupu, bila hata funda la maji. Aibu tayari imeshageuka kuwa ugonjwa.

Tuongee damu nyingi. Kwa kawaida damu yote ya hedhi moja ni kama vijiko viwili ama vitatu vya mezani. Najua hakuna anayepima kwa kijiko, kwa hivyo tazama dalili. Kama pedi inalowa baada ya saa moja ama mbili. Kama unavaa mbili pamoja. Kama unaamka usiku kubadilisha na bado shuka linachafuka. Kama yanatoka mabonge makubwa kuliko sarafu ya shilingi kumi. Hiyo ni damu nyingi, na usikubali kuambiwa "hata mimi nilikuwa hivyo". Inawezekana mama naye alikuwa mgonjwa miaka yote hiyo na hakuna aliyemwambia.

Damu ikitoka nyingi inaondoka na madini ya chuma, na chuma ndicho kinachobeba hewa mwilini. Hapo ndipo unapoona msichana amechoka asubuhi kabla ya kufanya chochote, akipanda ngazi moyo unapiga kama ngoma, darasani hashiki kitu, na nyumbani anaitwa mvivu. Yule rafiki yako anayetafuna udongo wa sokoni ama barafu kutwa nzima, usimcheke. Hamu hiyo mara nyingi ni mwili unaolilia chuma. Mpeleke akapimwe wingi wa damu, ni kipimo cha kawaida. Akiachwa hivyo, siku atakayoshika mimba na kujifungua ataingia leba akiwa na akiba ndogo ya damu, na tunajua akina mama wangapi mitaani mwetu wameondokea hapo.

Chakula nacho kinasaidia. Maini, nyama, dagaa, kunde, dengu, mchicha. Na hili tunalikosea sana Pwani: chai inauzuia mwili kunyonya chuma kilicho kwenye mimea. Sisemi uache mahamri na mbaazi, nani ataniskiza? Nasema ile chai ingoje saa moja, na badala yake kamulia ndimu ama kula chungwa, manake hilo husaidia chuma kuingia. Lakini kama umeshapungukiwa sana, ndimu peke yake haitoshi. Utahitaji tembe za chuma, na utahitaji kujua damu inatoka nyingi kwa nini. Inaweza kuwa uvimbe wa mji wa mimba, ule wengi wanauita faibroidi. Inaweza kuwa homoni. Inaweza kuwa damu yako haigandi sawasawa. Yote haya yana matibabu.

Sasa maumivu. Kuumwa kidogo siku ya kwanza ama ya pili ni kawaida. Kukosa shule kila mwezi, kuzimia, kutapika, kutambaa kwenda chooni, hiyo si kawaida. Shirika la Afya Duniani linasema karibu mwanamke mmoja kati ya kumi walio katika umri wa kuzaa ana endometriosisi, ugonjwa ambao utando unaofanana na ule wa mji wa mimba huota nje ya mji wenyewe, unavimba na kuacha makovu. Hapa Kenya wengi tulilijua jina hilo kupitia Njambi Koikai, mtangazaji aliyeueleza umma ugonjwa wake hata ulipofika mapafuni. Alifariki Juni 2024. Alisema hadharani yale ambayo wengine hawawezi kuwaambia hata mama zao.

Na sisi tunawaambia nini wasichana wetu? "Utaolewa itaisha." Dada, ndoa ni ibada na ni rehema, lakini si dawa ya tumbo. Kuna walioolewa na haikuisha. Ugonjwa huu unaweza kuzuia mimba, basi yule aliyeambiwa ataponea kwa mumewe ndiye atakayekuja kulaumiwa kwamba hazai.

Najua pia kinachowazuia wengine kwenda hospitali. Msichana hajaolewa, anaogopa kupimwa kwa ndani, ama mamake anaogopa watu watasemaje binti akionekana kliniki ya wanawake. Sikiza. Daktari anaweza kuanza kwa kukuuliza maswali, kupima damu, na kupiga picha ya tumbo kwa juu. Una haki ya kuomba daktari wa kike, ya kuingia na mamako ama khalati yako, ya kuelezwa kila kipimo kabla hakijafanywa, na ya kusema hapana. Kusema hapana kwa kipimo kimoja hakukunyimi matibabu mengine.

Kuna dada zetu wengine maumivu yao yana chanzo kingine, nacho tusikiruke. Katika jamii zetu za kaskazini mashariki wapo waliokeketwa na kushonwa. Aliyeshonwa, damu ya hedhi haina njia ya kupita vizuri, inatoka tone kwa tone na kubaki ndani, na kila mwezi ni adhabu. Sheria ya Kenya imepiga marufuku ukeketaji tangu 2011. Dada uliyefanyiwa hivyo, hukukosa lolote, na kuna madaktari wanaoweza kukufungua na kukupunguzia mateso. Kaka unayesema ni dini, mlete shekhe anayeweza kuonyesha wapi Mtume (s.a.w.) aliamrisha kumshona binti.

Mpaka hapa mtu atasema, hii ni mada ya kliniki, inahusu nini ukurasa wa haki? Hapa tumezoea kupigania vijana waliopotea na vitambulisho vilivyocheleweshwa. Sawa. Lakini Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kiwango cha juu cha afya kinachoweza kufikiwa, ikiwemo afya ya uzazi, na haki ya usafi wa kuridhisha. Kifungu cha 28 kinalinda utu. Mwaka 2004 Kenya iliondoa kodi ya VAT kwenye pedi, mapema sana kuliko Uingereza iliyoiondoa 2021. Juni 2017 sheria ya elimu ya msingi ikarekebishwa: serikali impe kila msichana aliyebaleghe katika shule ya umma pedi za bure, za kutosha, zenye ubora, na njia salama ya kuzitupa. Isome tena. Za kutosha. Sheria haikusema paketi moja siku ya mheshimiwa kuja kupigwa picha.

Sheria tunayo, na bado. Septemba 2019, Kaunti ya Bomet, msichana wa miaka 14 alijiua. Mamake alisema mwalimu alimwita mchafu na kumtoa darasani baada ya damu kuchafua sare yake. Februari 2023 Seneta Gloria Orwoba alitolewa nje ya Seneti kwa sababu suruali yake ilikuwa na doa. Kama seneta anatolewa nje, mwanafunzi wa darasa la saba kule Tana River atajitetea kwa nini?

Na kabla hatujamaliza kuilaumu serikali, tuingie nyumbani kwetu. Sheria ile ya 2017 inataja shule za umma. Madrasa haimo. Shule za binafsi za Kiislamu hazimo. Huko ni jukumu letu wenyewe. Tazama choo cha wasichana cha madrasa ya mtaani kwenu. Kina komeo? Kina maji? Kina pipa lenye kifuniko? Tunachanga mamilioni kwa zulia na vipaza sauti, mashaAllah, na binti anabana pedi moja kutoka asubuhi hadi adhuhuri kwa sababu hana pa kuitupa. Pipa na komeo haviwezi kumshinda hata mchango wa Ijumaa moja.

Nasikia pingamizi: haya ni mambo ya wanawake, yabaki ndani na wanawake. Nawaheshimu wanaosema hivyo, wengi wana nia njema, na ni kweli si kila kitu husemwa kila mahali. Lakini tazama huko "ndani" kumetufikisha wapi. Mama hakuambiwa, kwa hivyo hana la kumwambia binti. Baba ndiye mwenye pesa na hajui pedi ni hitaji kama unga. Imamu ndiye mwenye mimbari na hajawahi kuitaja. Bi Aisha (r.a.) aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa sababu haya haikuwazuia kujifunza dini yao. Waliuliza maswali haya haya, kwa Mtume mwanaume, na majibu yao ndiyo tunayosomeshwa leo na masheikh wanaume. Ingekuwa walinyamaza, tungeswali vipi?

Basi, tufanye nini?

Dada, wiki hii anza kuandika. Siku ya kwanza ya damu, siku ya mwisho, umebadilisha pedi mara ngapi, umeumwa kiasi gani. Unajua kuhesabu, Safina ilikufunza. Ukifika kwa daktari na miezi mitatu iliyoandikwa, si rahisi akurudishe na Panadol pekee. Na Ramadhani ijayo kula, kunywa, meza dawa yako. Kwa staha, lakini bila uongo.

Kaka, acha kumuuliza dadako "mbona huswali?" mbele za watu. Nunua pedi dukani ukiwa na pesa, haikupunguzii uanaume. Mtu akimcheka msichana aliyechafuka, we mvulie koti lako.

Walimu wa madrasa, mkifika mlango wa hedhi msiuruke wala msiukimbize. Mwalikeni muuguzi Mwislamu wa kike siku moja afunze ile nusu ya pili.

Na sisi sote tudai. Kifungu cha 35 cha Katiba na sheria ya upataji habari ya 2016 zinakupa haki ya kuuliza. Andika barua kwa ofisi husika: shule za wadi yetu zilipokea pedi ngapi mwaka huu, lini, na zilimfikia nani? Wanatakiwa kukujibu ndani ya siku 21. Weka nakala yenye muhuri. Wakinyamaza, unaweza kulalamika kwa Tume ya Haki ya Utawala. Vijana kumi wa wadi moja wakiandika barua kumi, itakuwa vigumu kwa ofisi kusema haikujua.

Binti akificha maumivu yake leo, kesho anakuwa mama asiye na la kumfunza bintiye. Mnyororo huo tuukate sisi. Mola atupe elimu yenye manufaa, awape shifaa dada zetu wanaoumwa kimya kimya, na atupe ujasiri wa kusema yaliyo haki.

Mtumie ujumbe huu dadako. Halafu mtumie na kakako.